Nani Aliidhinisha? Mwongozo wa Kufuatilia Kero kwa Mkazi wa Iguguno

Tuseme mashine ya kukamua alizeti imefungwa nyuma ya nyumba yako. Msimu ukichanganya inaanza kunguruma kabla watu hawajaamka, upepo wa Singida unapeperusha maganda hadi kwenye sufuria la uji, na maji machafu yanayooshewa vyombo yamejichimbia mfereji kuelekea kisimani. Wazo la kwanza ni kwenda kumkabili mwenye mashine. Nenda, lakini nenda ukamsalimie na kumweleza kwa upole, maana ni jirani na huenda mkamalizana hapo hapo. Asipokusikia, usirudi na ngumi. Geuza njia uelekee ofisi ya kijiji.

Mwenye mashine hakujigawia eneo, wala hakujiandikia leseni. Kama mambo yalikwenda inavyotakiwa, kuna kikao kilichokaa, kuna mtu aliyesaini, na kuna karatasi kwenye faili. Kama hayakwenda hivyo, basi kuna kiongozi aliyeona mashine inashushwa kwenye lori akanyamaza. Kwa vyovyote vile, swali lako la kwanza lisiwe “nani ananisumbua?” bali “nani aliidhinisha, katika kikao gani, kwa kibali kipi?” Ukilishika swali hilo, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu kero nyingi za mazingira ni maamuzi ya ofisini yaliyofika mlangoni kwako yakiwa na moshi, harufu au kelele.

Iguguno inalihitaji swali hili kuliko vijiji vilivyo ndani ndani. Iko kwenye barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega, na hapo ndipo watu wanapochepuka kwenda Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Eneo la barabarani hukua haraka kuliko makaratasi yake. Shamba la mtama linakuwa gereji, gereji inaongeza baa, nyuma ya baa panazuka jalala, na hakuna anayekumbuka ni lini watu waliulizwa.

Anza na ardhi yenyewe

Kabla hujaandika barua yoyote, jua eneo lenye kero limesimama kwenye ardhi ya aina gani, kwa sababu hilo ndilo linaloamua mlango wa kubisha.

Kama ni ardhi ya kijiji, sheria yako ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Sheria hiyo inaipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kusimamia ardhi, lakini kwa kamba fupi: hairuhusiwi kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji kupatikana kwanza. Kwanza, si baadaye. Tena kila mkutano wa kawaida unapokaa, Halmashauri inapaswa kutoa taarifa ya jinsi inavyosimamia ardhi hiyo na kusikiliza maoni ya wananchi. Mwenyekiti anayesema “tuliamua sisi kumi na tano mezani” ameshakiri kosa bila kujua. Ongeza juu yake Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya 2007: kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, mpango huo unaonesha wapi ni makazi, wapi malisho, wapi kilimo, wapi njia ya mifugo na wapi huduma za jamii, na ulipaswa kupitishwa na mkutano huo huo. Waombe wakuoneshe ramani. Mara nyingi imekunjwa kabatini, au imebandikwa ukutani mahali ambapo hakuna mkazi anayefika.

Kama eneo limetangazwa kuwa la mipango miji na viwanja vimepimwa, unahamia kwenye Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007, na mwenye mamlaka ya upangaji ni Halmashauri ya Wilaya. Huko kila kiwanja kina matumizi yake. Kiwanja cha makazi hakigeuki kuwa cha kiwanda kwa sababu mwenyewe amepata fundi na mashine. Lazima aombe mabadiliko ya matumizi, na ombi hilo hutangazwa ili wenye pingamizi waseme. Kujenga nako kunahitaji kibali cha ujenzi. Kwa hiyo ukifika Nduguti, nenda idara ya ardhi na uulize mambo mawili tu: mchoro wa mipango miji unasema kiwanja hiki ni cha nini, na je, kuna ombi la kubadilisha matumizi lililopitishwa?

Pana aina ya tatu ambayo watu wa barabarani huisahau, nayo ni hifadhi ya barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Humo ndani kijiji hakina mamlaka ya kumgawia mtu banda, gereji wala jalala, hata kama wajumbe wote wamenyoosha mkono. Ukikuta lundo la takataka au tangi la mafuta machafu ya magari ndani ya mita hizo, barua yako iende pia kwa meneja wa TANROADS mkoani Singida. Kwa barabara za ndani za wilaya, mwenyewe ni TARURA.

Mkutano Mkuu, na kwa nini usisubiri “mengineyo”

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya 1982, inautaja Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa ndicho chombo chenye kauli ya mwisho katika masuala ya sera za kijiji. Mjumbe wake ni kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Huhitaji kadi ya chama, huhitaji kuwa mzaliwa wa Unyiramba, huhitaji kumiliki nyumba. Mpangaji aliyehamia kutoka Shelui ana sauti sawa na mzee aliyezaliwa hapo. Mkutano wa kawaida unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu.

Shida ni kwamba mikutano mingi huitishwa pale mgeni wa wilaya anapokuja, au michango inapodaiwa. Ajenda zinaletwa zikiwa zimeshaandikwa, na jambo lako linasukumwa kwenye “mengineyo”. Hapo jua linakuwa limezama, akina mama wamekwenda kupika, waliobaki wanataka kufunga kikao, na mwenyekiti anasema “hilo tumelipokea”. Kupokelewa si kuamuliwa. Basi nenda kwa Mtendaji wa Kijiji siku kadhaa kabla, mpelekee barua ya kuomba hoja yako iwe ajenda yenye namba yake, na uhakikishe watu wa kitongoji chako wanakuja. Kitongoji kizima kikihudhuria, hoja haiwezi kumezwa kirahisi.

Ukisimama, usihutubie. Uliza maswali yanayojibika: eneo lilitolewa tarehe ngapi? Mkutano Mkuu uliolipitisha ulikaa lini? Kijiji kilipokea malipo gani, na yaliingia kwenye daftari gani la mapato? Kamati ya mazingira ilipita eneo hilo na kutoa maoni gani? Mtendaji ndiye katibu. Kazi yake ni kuandika. Kabla hujakaa, mwombe asome alichoandika. Wengine watakuona mkorofi kidogo. Sawa tu.

Kuna silaha nyingine ambayo vijiji vyetu huiacha ishike kutu: sheria ndogo. Halmashauri ya Kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ikaleta rasimu kwenye Mkutano Mkuu kwa maoni, kisha ikaipeleka Halmashauri ya Wilaya iidhinishwe. Saa za mashine kuunguruma, umbali wa machinjio kutoka kwenye nyumba, mahali pa kutupa takataka za siku ya mnada, adhabu ya kuosha pikipiki mtoni, yote hayo yanaingia. Kugombana na mwenye mashine mmoja kunakupa usingizi wa mwezi. Sheria ndogo inamfunga hata yule atakayekuja mwakani. Ni kazi ya vikao vingi na inachosha, lakini kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu kwa ajili ya kijiji, ningekuelekeza huku.

Barua, muhuri na siku thelathini

Malalamiko ya mdomo huisha na upepo. Kila kitu kiandike, na kila barua itoke nakala mbili: moja unaiacha, nyingine inagongwa muhuri wa “imepokelewa” na kuandikwa tarehe, kisha unarudi nayo nyumbani. Ofisi isiyo na muhuri ina kalamu. Aliyeipokea aandike jina, cheo, tarehe na saini. Akikataa, rudi na shahidi, au ipeleke nakala kwa Mtendaji wa Kata ukieleza kwamba kijijini ilikataliwa.

Sheria inayokupa meno hapa ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016. Raia anaomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Ikikunyima, unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na usiporidhika unakata rufaa kwa Waziri. Barua yenyewe haihitaji maneno makubwa:

“Yah: Ombi la taarifa kuhusu matumizi ya eneo lililoko kitongoji cha ……

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa kitongoji tajwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, naomba nakala za nyaraka zifuatazo: muhtasari wa kikao cha Halmashauri ya Kijiji na wa Mkutano Mkuu vilivyoidhinisha matumizi ya eneo hilo, sehemu ya mpango wa matumizi ya ardhi inayolionesha eneo hilo, pamoja na kibali au leseni yoyote iliyotolewa. Iwapo nyaraka hizo hazipo, naomba nijulishwe hivyo kwa maandishi.”

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye ujanja. Ofisa anaweza kukuzungusha miezi mitatu akitafuta muhtasari ambao haukuwahi kuandikwa. Lakini akishaandika kwamba haupo, amekupa ushahidi mzito kuliko muhtasari wenyewe. Asipojibu kabisa, ukimya wake una tarehe ya kuanzia, ile iliyo kwenye muhuri wako.

Desturi ya ofisi inataka barua ya kwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ipitie kwa Mtendaji wa Kijiji na wa Kata. Ifuate, ni adabu. Ila droo za njiani zina kina kirefu, kwa hiyo peleka nakala nyingine moja kwa moja Nduguti, na chini ya barua uandike “Nakala kwa” ukiwataja wote. Mtendaji akiona jina la bosi wake pale chini, barua hailali.

Aliyepewa mamlaka ya kuzuia

Ufuatiliaji wa karatasi ni wa wiki na miezi. Mtoto anayekohoa moshi hawezi kusubiri. Hapo unakwenda kwa wale ambao sheria imewapa uwezo wa kuzuia leo.

Wa karibu ni afisa afya. Sheria ya Afya ya Jamii, Na. 1 ya 2009, inampa nguvu ya kukagua mahali penye kero, yaani choo kinachofurika, machinjio yenye damu inayotuama, mzoga, moshi, maji machafu, na kumpa mhusika notisi ya kuondoa kero hiyo ndani ya muda fulani. Mhusika asipotii, anaweza kufikishwa mahakamani. Mwombe afisa afya aje, aone kwa macho yake, na aandike. Afisa anayekuja, anatikisa kichwa na kuondoka bila notisi amekuja kutembea.

Kwa mambo mazito zaidi yupo afisa mazingira wa Halmashauri, ambaye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004, inataka awepo katika kila wilaya. Juu yake lipo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ambalo ofisi yake ya Kanda ya Kati iko Dodoma. NEMC linaweza kukagua, kutoza faini, kutoa amri ya kurejesha mazingira na kufunga. Mwaka 2023 lilifungia baa na kumbi kadhaa za starehe kwa sababu ya kelele, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba kelele za muziki si jambo la serikali. Kama mradi ni mkubwa, kwa mfano kiwanda, machimbo ya kokoto, kituo cha mafuta au mnara, uliza kama una cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira. Tathmini hiyo haikamiliki bila wananchi wa eneo kushirikishwa. Omba kuona orodha ya waliohudhuria na kusaini, na usome majina moja moja. Utajifunza mengi kuhusu nani alikuwa “mwananchi” siku ile.

Maji yakiguswa, Singida tuna bahati: Bodi ya Maji Bonde la Kati makao yake makuu yako Singida mjini. Sheria ya mazingira inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Anayechimba mchanga mtoni anagusa ofisi mbili kwa mpigo, Bonde na Tume ya Madini, kwa maana mchanga wa kujengea nao huhesabiwa kuwa madini na una leseni yake.

Kwa baa, fuatilia leseni ya vileo. Hutolewa kwa muda na lazima ihuishwe, na muda mzuri wa kupinga ni kabla haijahuishwa, wakati mwenye baa anahitaji jina lake liwe safi. Leseni nyingi za biashara siku hizi huombwa kwa mfumo wa TAUSI mtandaoni. Ni jambo jema kwa mapato na limepunguza foleni, ila linamwezesha ofisa kuidhinisha kibanda asichowahi kukiona, huku jirani akishtuka kusikia spika. Barua yako ndiyo inayomletea macho.

Daftari

Nunua daftari la shule. Kila kero iandikie tarehe, saa ilipoanza, saa ilipoisha, upepo ulikuwa unaelekea wapi, na nini kilitokea: nguo zilizofuliwa upya, mgonjwa aliyepelekwa zahanati, mtoto aliyeshindwa kusoma. Usiongeze chumvi. “Mashine iliwashwa saa kumi na moja alfajiri, ikazimwa saa tano usiku” inatosha. “Wanatuua” haimsaidii hakimu. Picha za simu zioneshe kitu kinachotambulika, kama mti au kona ya nyumba, ili mtu wa Dodoma ajue ni pale pale. Kama kuna cheti cha zahanati, kihifadhi. Waombe majirani wawili watatu waandike madaftari yao wenyewe kwa mwandiko wao, maana daftari moja linaitwa chuki binafsi, matatu yanaitwa ushahidi.

Orodha ya saini iwe na jina kamili, kitongoji na tarehe, na ukurasa wa kwanza ubebe malalamiko yenyewe, ili asitokee mtu akasema alisaini karatasi ya mahudhurio ya msiba.

Tabata na Kunduchi

Watu wengi wakifika hapa husema: serikali haishitakiki. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, hawakukubali hivyo. Halmashauri ya Jiji ilikuwa ikimwaga takataka za jiji zima katikati ya makazi yao. Moshi, harufu na nzi vikawa maisha yao. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu, na Jiji likaamriwa liache. Halikuacha. Lilirudi mahakamani kuomba kuongezewa muda, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa, akaegemea Ibara ya 14 ya Katiba inayolinda haki ya kuishi, na akashangaa mamlaka ya umma kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu.

Sehemu inayokuhusu zaidi ilifuata. Jiji lilihamishia takataka Kunduchi Mtongani. Wakazi 795 wakafungua shauri mwaka huo huo wa 1991, na kati ya hoja zao kulikuwa na ile ya karatasi: ramani ya mpango wa jiji ilikuwa imelitenga eneo hilo kuwa la makazi. Jiji lilikuwa limevunja mpango wake lenyewe. Mahakama ikaufuta uamuzi huo, ikazuia utupaji, na ikaliamuru Jiji litafute mahali panapofaa. Harufu peke yake ingejibiwa kwamba kila jiji lina takataka na lazima zitupwe mahali. Dhidi ya mchoro wao wenyewe hawakuwa na jibu.

Kenya nako, wakazi wa Owino Uhuru jijini Mombasa walipata sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo baada ya kutenguliwa katika rufaa. Sehemu kubwa ya lawama haikumwangukia mwenye kiwanda. Iliziangukia taasisi za serikali, mamlaka ya mazingira ikiwa mbele, kwa sababu ndizo zilizotoa vibali na kufumba macho.

Ngazi za juu, na saa ya mahakama

Kijiji kikikwama, panda kata. Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na diwani, na diwani aliyechaguliwa Oktoba 2025 ana muda mrefu wa kukuhitaji. Mpe barua, daftari na maswali mawili ayaulize kwenye Baraza la Madiwani. Vikao vya Baraza viko wazi kwa wananchi. Safari ya Nduguti inagharimu nauli na siku nzima, lakini wakazi sita waliokaa kimya kwenye benchi la nyuma hubadilisha namna swali linavyojibiwa. Baada ya hapo zipo ofisi ya Mkuu wa Wilaya na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo hupokea malalamiko dhidi ya watendaji wa umma bila malipo. Ukiwa na dalili kwamba kibali kilinunuliwa, TAKUKURU hupokea simu bure kwa namba 113. Malalamiko pia yanaweza kuingizwa kwenye mfumo wa e-Mrejesho ukiwa na simu yako.

Mahakama ina milango tofauti, na ukikosea mlango unapoteza mwaka. Kama ugomvi ni wa nani mwenye ardhi, unaanza kwenye usuluhishi. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata halitoi hukumu tena, linasuluhisha. Likishindwa ndani ya siku 30 unaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama unaishitaki Halmashauri yenyewe, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, nakala ikienda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Siku hizo 90 si za kukaa tu. Halmashauri nyingi huanza kuongea vizuri notisi ikifika mezani kwa mwanasheria wao, na hapo daftari lako ndilo linaloongea nao. Sheria ya mazingira, kifungu cha 4 na cha 5, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na haki ya kwenda mahakamani kuitetea. Wakili akizidi uwezo wako, tafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani huwajua walipo.

Mitego

Usimtaje mtu kwenye kundi la WhatsApp kuwa kala rushwa kama huna uthibitisho. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 itakugeuza wewe kuwa mshitakiwa, na mashine itaendelea kunguruma ukiwa polisi unaandika maelezo. Kwenye kundi weka tarehe ya mkutano na nakala ya barua, basi. Usikubali “kamati ya kuchunguza” isiyo na tarehe ya kurudisha majibu. Usipokee gunia la mashudu wala kopo la mafuta kwa niaba ya wenzako; hata kama ni ukarimu, litasimuliwa tofauti. Na usidai mashine ifungwe kabisa ikiwa inatosha ihamishwe, iwekewe ukuta, au izimwe saa mbili usiku. Jirani yako ana mkopo, wakulima wanahitaji mafuta yakamuliwe, na mwenyekiti anajua kura zao zilipo. Ombi linalotekelezeka ni gumu zaidi kulikataa.

Mkishapata uamuzi, msitawanyike. Wa Tabata walishinda 1988 na bado wakanusa moshi hadi 1991. Kila ajenda ya mkutano ina kipengele cha “yatokanayo na kikao kilichopita”, kile ambacho watu hukitumia kuchelewa. Hakikisha uamuzi wenu umeandikwa kwenye muhtasari ukiwa na jina la mtekelezaji na tarehe ya mwisho, maana bila hivyo hauwezi kutokea kwenye yatokanayo. Mkutano unaofuata, uwe umekaa mstari wa mbele kipengele hicho kikisomwa, na nakala yako ya muhtasari mkononi.